Dago la Wasoma Miamba

Imeenea siku hizi, katika ofisi za vyuo na katika baraza za wazazi, rai moja ambayo imekwisha kukaririwa mara nyingi hata waisemao hawaoni tena haja ya kuitolea burhani: ya kwamba zile wiki mbili au tatu ambazo mwanafunzi wa jiolojia hupelekwa nyikani, akalala hemani, akala ugali wenye moshi na kurudi na viatu vilivyopasuka, ni matembezi yaliyovikwa joho la elimu, na kwamba, maadamu picha za setilaiti zapatikana bure, na droni yaweza kupaa juu ya mlima ikarejea na sura yake kabla chai haijapoa, hapana sababu ya chuo kukodi lori na kuwatia vijana wa watu katika hatari ya nyoka na homa ili wakayatazame mawe ambayo tayari yamo katika kompyuta. Rai hii nimeisikia kwa wahasibu, nao nimewasamehe, kwa kuwa kazi yao ni kuhesabu. Nimeisikia kwa wazazi, na hao nitawajibu kwa taadhima. Lakini nimeisikia pia kwa wanazuoni wa fani yenyewe, watu walioota sugu za nyundo viganjani kabla ya kupata viti vya kuzunguka, na hao ndio walionishikisha kalamu.

Wavuvi wa pwani yetu, samaki wakiadimika katika maji ya nyumbani, hupakia nyavu na chumvi na mitungi yao ya maji, wakaenda kupiga dago katika kisiwa au ufuo wa mbali, wakakaa huko mwezi au miwili chini ya makuti, hata wakaujua mkondo wa mahali pale na majira ya samaki wake. Na kijana aliyechukuliwa kwa mara ya kwanza hurudi amekonda, ngozi imemwiva kwa jua, lakini ukimkalisha na wenzake waliobaki mjini utaona kwamba hawazungumzi tena lugha moja. Sijapata kumsikia mtu mwenye akili zake akisema kuwa wavuvi wamekwenda dago kustarehe. Mwanafunzi wa miamba naye hufuata riziki yake ilipo, na kitabu chake hakiingii mlango wa darasa, kwa kuwa kutoka jalada hadi jalada kina urefu wa kilomita zaidi ya 500. Iweje yeye akitoka aitwe mtembezi?

Kitabu hicho nimekisomesha miaka 22, nami ningependa wapinzani wangu wakifungue pamoja nami kabla hawajakihukumu. Hufunguliwa Mombasa, chini ya ile Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba uliokuwa hai baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Mwanafunzi hudondosha hapo tone la tindikali, likafoka povu. Akaambiwa aende akadondoshe jingine katika ukuta uliobomoka wa nyumba kuukuu, kisha katika chokaa iliyoupaka, na yote mawili yakafoka vile vile. Kisha lori huvuka Makupa likapanda Changamwe, na hapo mawe hubadilika yakawa ya udongo wa kijivu unaobanduka kama magamba ya kitunguu, tope la bahari ya zamani sana, takriban miaka milioni 160, ambamo mwenye subira huokota amonaiti, mnyama wa kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo ambaye kizazi chake chote kilikwisha kutoweka duniani. Ukifika Mazeras umeiacha bahari nyuma: huko ni mawe ya mchanga uliomwagwa na mito, yenye magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, na watu huyachonga mabamba ya kutandika nyua za wenye nafasi. Halafu Mariakani, halafu Maji ya Chumvi, ambako wamepatikana samaki wa mawe, halafu Taru, ambako mchanga ni chembe kubwa zinazokwaruza mkono, na ambako maji ya mvua hukaa katika mashimo ya mwamba yaitwayo ngurunga, yaliyowaokoa wapagazi wa misafara kabla ya reli kuwako. Kila kituo ni cha kale kuliko kilichotangulia, kwa kuwa matabaka yote hayo yameinamia baharini kidogo kidogo kama vigae vya paa, na mtu akienda bara akikanyaga kigae baada ya kigae hurudi nyuma miaka milioni 300, zama ambazo Afrika na Madagaska na Bara Hindi zilikuwa nchi moja, na hiyo tuiitayo Bahari ya Hindi haijazaliwa.

Mtu ataniambia: hayo yote umeyaandika katika aya moja, nami nimeyaelewa nikiwa nimekaa. Sikatai. Lakini kuelewa habari si kupata ilimu, na tofauti yake niliionyeshwa Maji ya Chumvi kwenyewe na kijana mmoja hodari, aliyekuwa amelijua jina la tabaka hilo kwa muda wa miaka miwili, ameliandika katika mitihani mitatu na kupata alama kamili. Tulisimama penye kisima kuomba maji, na mama mmoja wa Kiduruma akamchotea katika kata, kijana akapiga funda moja, akalitema pale pale, akanigeukia macho yamemtoka: "Mwalimu, kumbe ni chumvi kweli!" Yule mama akacheka hata akaiweka ndoo chini. "Nawe ulidhani twadanganyana, mwanangu?" Tangu saa ile kijana alianza kuuliza maswali ambayo mtihani haukuwa umemfundisha kuuliza: chumvi hiyo yatoka wapi, kwa nini kisima cha ng'ambo ya pili hakina, tope hili lilitua katika maji gani. Jioni nilimwona ameinamia korongo, anamega vijipande vya mwamba na kuvitafuna, maana nilikuwa nimewaambia asubuhi kwamba jiwe la udongo mtupu huteleza menoni kama siagi, ilhali lenye vumbi la mchanga, hata kama jicho halitambui, husaga meno. Wanaotaka kazi hiyo ifanywe na setilaiti na wanionyeshe meno yake.

Ya kusikia ni kama ya kuonja. Mashariki ya Tsavo pana ukingo mrefu uitwao Yatta, takriban kilomita 300, uliolala juu ya nyika kama boma lililojengwa na majitu, na mto Athi wapita chini yake. Mwamba wa juu ni fonolaiti, jina ambalo kwa Kiyunani maana yake ni jiwe lenye sauti, kwa kuwa bamba lake likipigwa nyundo hulia mfano wa upatu. Kijana aliyetoka katika miamba ya chini, ile ya kale kupita yote, iliyopikwa na kukandwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita na ambayo nyundo ikiipiga hutoa mshindo mzito usio na mwangwi, akifika juu na nyundo yake ikalia, hana haja ya kuambiwa kwamba amevuka mpaka. Na akikaa hapo juu, akapumzika, akautazama ukingo unavyojipinda huku na huku, polepole humjia wazo ambalo nimewahi kuliona likimpambazukia mtu usoni: kwamba kilima hakijipindi hivyo, mto ndio hujipinda hivyo. Lava ile ilitiririka ikajaza bonde la mto, miaka kama milioni 13 iliyopita, ikagandia humo, kisha kingo za bonde, zilizokuwa laini kuliko yenyewe, zikaliwa na mvua mpaka zikaisha, na sakafu ya bonde ikabaki juu ya kila kitu. Wanafunzi waliofundishwa jambo hili kwa picha hulisahau kabla ya mwaka kwisha. Sijakutana na hata mmoja aliyelisahau baada ya kulipanda kwa miguu, akiwa na dumu la maji begani.

Nakuja sasa kwa hoja ya picha za angani, ambayo ndiyo ngome ya wapinzani wangu, na kwa insafu nakiri kwamba picha hizo ni neema: huonyesha kwa mtazamo mmoja yale ambayo sisi wazee tuliyaunga kwa miezi, na mimi mwenyewe siendi popote pasipo kuzitazama kwanza. Lakini picha huonyesha umbo, haisemi sababu. Mwaka mmoja kikundi cha vijana wanne kilichora, kabla ya kuondoka chuoni, ramani nzuri ya sehemu ya nyika, na katikati yake wakatia ufa ulionyooka, wenye urefu wa kilomita nyingi, wakauandikia na maelezo juu ya nguvu za ardhi zilizoupasua. Tulitembea saa nzima kwenda kuuona. Tulipofika, tulikuta mkuza uliofyekwa, udongo uliofukuliwa ukarudishwa, na kigingi cha saruji: ni njia ya bomba la maji ya Mzima, yanayoteremka Mombasa tangu miaka ya 1950. Ufa wao ulichimbwa na watu. Nao walicheka, na dereva wetu akacheka zaidi kuliko wote, akawaambia kwamba amekwisha kuupita ufa huo mara nyingi pasipo kuanguka ndani. Je, ramani ile ingebaki chuoni, nani angeisahihisha? Mwalimu wao naye alikuwa ameitazama katika kioo kile kile, akaisifu. Mwalimu huyo ni mimi.

Na bomba hilo nalo lilitupa somo ambalo halikuwa katika ratiba. Tulilifuata hadi kwenye chimbuko lake, tukasimama Mzima, ambako maji maangavu yabubujika kutoka chini ya mwamba mweusi katika nchi kavu inayopasuka kwa jua; kisha tukapanda milima ya Chyulu, ambako mvua hunyesha na ukungu hutanda na hakuna mto hata mmoja, kwa kuwa mlima mzima ni lava na majivu ya volkano, tundu tupu, unaoyanywa maji yote ukaenda kuyatoa mbali, Mzima. Binti mmoja wa Mombasa, ambaye nitamtaja tena, alikaa juu ya jiwe akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi hii ndiyo tunayooshea vyombo."

Wako wapinzani wenye elimu zaidi, nao huniletea jina la Eduard Suess. Husema: huyu mtu aliketi Vienna, hakupata kukanyaga Afrika, na mwaka 1891 akatangaza kwamba bonde kubwa la mashariki ya bara hili ni mpasuko wa ardhi; basi ikiwa yeye aliweza kulijua Bonde la Ufa kwa kukaa, mwanafunzi wetu ana udhuru gani wa kwenda? Hoja hii naipenda, kwa kuwa ailetaye amesoma. Lakini amesoma nusu. Suess hakukitoa kichwani alichokisema. Mbele yake palikuwa na ramani, vipimo na habari za msafara wa Teleki na Höhnel, waliotembea mwaka 1887 na 1888 hadi kwenye ziwa ambalo leo ni Turkana, nao hawakutembea peke yao, bali nyuma ya migongo ya wapagazi wengi wa pwani hii ambao hapana kitabu kilichowashukuru ipasavyo. Miguu ilikuwapo, ila haikuwa yake. Wala Suess mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa: alikuwa ameizoea milima ya Alps kiasi cha kuushauri mji wa Vienna uache maji machafu ya visima na kuyaleta ya chemchemi za milimani, na mfereji wake ukafunguliwa mwaka 1873, kwa hiyo alipoisoma habari ya Afrika aliisoma kwa macho yaliyokwisha kufunzwa na mawe. Na baada ya yote, neno lake lilibaki dhana mpaka mwaka 1893, alipoondoka Mombasa John Walter Gregory na wapagazi wapatao 40, akatembea hadi Baringo, akazitazama ngazi za kingo za bonde, akaona tabaka la juu na tabaka la chini kuwa ni moja lililokatika na kudidimia. Anayemtaja Suess pasipo kumtaja Gregory ni kama anayesifu barua akamsahau tarishi.

Ngazi hizo za Gregory ndizo huufunga mwendo wetu. Kutoka Ngong hadi Magadi ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, na hauteremki mfululizo, bali kwa vipandio: tambarare, ukuta, tambarare, ukuta, na kila kipandio joto huongezeka hata mtu aliyefumba macho hujua ameshuka. Njiani ni Olorgesailie, ambako Gregory aliokota mwaka 1919 zana za mawe katika matope meupe ya ziwa lililokauka, na akina Leakey wakazikuta kwa wingi mwaka 1942. Mwisho ni lile ziwa la magadi, jeupe, lenye kunuka, ambalo ganda lake husagwa na kusafirishwa. Na hakosi mwanafunzi mmoja wa kukumbuka kwamba mama yake hutia kipande cha kitu hicho katika chungu cha maharagwe.

Husemwa tena, na hili husemwa kwa kejeli, kwamba huko kambini vijana hucheza. Naam, hucheza. Huimba, hutaniana, huchoma mahindi, na mara moja waliniibia kofia wakamvika mbuzi. Lakini yafaa wenye kejeli wakumbuke ilivyokuwa Laetoli, mwaka 1976, ambako watafiti waliokuwa wageni wa Mary Leakey walikuwa jioni moja wakirushiana mavi makavu ya tembo, na mmoja wao, Andrew Hill, katika kulikwepa donge akaanguka, akajikuta uso wake u juu ya majivu ya volkano yaliyogandamana, yenye alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama. Na kwa kuendelea kuyachimbua majivu hayo, mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Sisemi mavi ya tembo yatiwe katika mtaala. Nasema kwamba aliyekuwa amekaa ofisini siku hiyo hakuanguka mahali popote penye faida.

Kuna wanaotutetea, nao wanatudhuru kuliko wanaotushambulia. Hao husema kambi ibaki kwa sababu vijana wanahitaji kuburudika na kuijua nchi yao. Sihitaji utetezi huo. Kambi hubaki kwa sababu ya saa mbili za usiku baada ya chakula, taa imetundikwa mtini, madaftari yamefunguliwa juu ya turubai, na kikundi cha kwanza kina mwinamo wa nyuzi 12 mahali ambapo kikundi cha pili kina nyuzi 30. Wote wamepima, wote wana hakika, na mwamba uko mwendo wa nusu saa gizani. Chuoni ikhtilafu hiyo huamuliwa na mwalimu au na kitabu. Pale huamuliwa alfajiri, kwa kurudi na dira na kuilaza juu ya jiwe lile lile, na aghalabu hugundulika kwamba wote wawili walisema kweli, kwa kuwa tabaka limekunjwa kati ya korongo na korongo. Na mkunjo huo haungepata kujulikana lau wangalikuwa wamerudi mjini jioni kwa basi.

Juu ya gharama sitakaa sana. Mchele, maharagwe, mafuta ya lori na posho ya mpishi zina bei, nami sijapata kusema ni bure; ila kisima kimoja kikavu, kilichochimbwa na mtu asiyejua mwamba wenye tundu na mwamba uliofumba, hula fedha ambazo zingelisha kambi.

Wazazi ndio niliowaahidi taadhima. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, jirani yangu wa msikiti, alinijia barazani kwangu baada ya Isha, akakaa, akakataa kahawa mara mbili, ndipo akasema: "Maalim, mimi simnyimi mtoto wangu elimu. Lakini binti kulala mwituni, pamoja na wavulana, ni elimu gani hiyo?" Sikumwambia kwamba dunia imebadilika, kwa kuwa hilo si jibu, ni utovu wa adabu. Nilimweleza mahema yapangwavyo, nani alalaye wapi, na kwamba mwalimu wa kike hulala na wasichana na hapana msichana atokaye peke yake. Nikamwambia pia, kwa sababu ndiyo kweli, kwamba wasiwasi wake ni wa haki na kwamba chuo ambacho hakiwezi kumjibu mzazi maswali hayo hakistahili kupewa mwanawe. Akatoka pasipo kuaga vizuri. Siku ya safari alimleta binti mwenyewe, na tende ratili tatu, na blanketi zito la kumfaa mtu aendaye Ulaya.

Ndiye yule aliyekaa juu ya jiwe huko Chyulu. Aliporudi nyumbani, jambo la kwanza aliloliona ni kisima cha uani, ambacho baba yake alikuwa amekitia pampu ya umeme na ambacho maji yake yalikuwa yameanza kukolea, na akamwambia, kwa adabu lakini pasipo kuzungusha, kwamba kisiwa chote ni tumbawe lenye matundu, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na akivuta kwa pupa atayanywa ya bahari. Baba yake alikuja kunishitakia. Tulizozana hata adhana. Mpaka leo hatujapatana, ila naona pampu imepunguziwa saa.

Mwaka huu ofisi ya chuo chetu imeamua kwamba wiki mbili ziwe siku tatu, na fedha zilizosalia zinunue skrini kubwa ya ukumbini. Nimeandika barua mbili, nimejibiwa moja. Mahema yenyewe yametupwa ghalani nyuma ya maabara, na juzi nilipokwenda kuyatazama nilikuta panya amezaa ndani ya moja, na kamba za mengine matatu zimeoza. Nimeyatoa nikayaanika juani kutwa. Kamba nimenunua mpya Marikiti, za katani, kwa fedha yangu, na wale vijana wanne wa ufa wa bomba, ambao sasa wana kazi zao, wameahidi kuja Jumamosi kunisaidia kushona.